Bushi ya Bastola ya Mzee Sabol

Laddie Sabol alikuwa na ugonjwa ambao hakuna daktari aliyewahi kuutaja: hakuweza kuvumilia kitu kilicholegea. Ujana wake wote na utu uzima wake aliumalizia kwenye mashine ya kukereza vyuma, katika kiwanda kikubwa kando ya mto Ohio, upande wa West Virginia, na huko alilipwa vizuri kwa sababu ya ugonjwa huo huo. Chuma alichokikereza Laddie kikiingia mahali pake, kiliingia na kukaa. Kisha akastaafu, akarudi nyumbani na ugonjwa wake mzima, na nyumba ndiyo iliyopata taabu.

Alianza na bomba la jikoni. Lilikuwa likidondosha maji. Akalirekebisha, na tangu siku hiyo halidondoshi, ila ukitaka kulifungua unahitaji koleo. Akaenda kwenye mlango wa bafu, ambao sasa hufunguliwa kwa bega. Mlango wa friji aliubadilishia bawaba, na mgeni akitaka maziwa ni lazima aombe msaada.

"Nyumba nzima imekazwa," Verna, mkewe, aliwaambia wanawake wenzake kanisani. "Nimebaki mimi tu ndiye niliyelegea, na naona ananiangalia."

Mwaka huo ilikuwa zamu ya Laddie kukaa na bastola ya baba yao.

Marehemu mzee Andrej Sabol alirudi nayo kutoka vitani, bastola nzito ya jeshi, na katika mabonde yale haikuwa ajabu, kwani nusu ya wazee walirudi na kama hiyo. Ukiitikisa iligonga kama kopo lenye misumari. Iligonga hivyo maisha yote ya mzee, na maisha yote ya mzee haikukwama hata siku moja. Mtu mwenye akili zake angeona uhusiano kati ya mambo hayo mawili.

Mzee aliacha watoto wawili wa kiume, Emil na Laddie, na watoto hao walikuwa hawasemezani. Chanzo kilikuwa mgomo. Emil, mkubwa, alikuwa amepandishwa cheo kuwa msimamizi, na wasimamizi waliingizwa kiwandani kwa gari la kampuni, mapazia yameshushwa. Laddie alikuwa amesimama langoni na bango lake. Pazia moja halikushuka vizuri, macho yakakutana, na Laddie akamwita nduguye jina ambalo mama yao, aliyekuwa bado hai, alilisikia kabla jua halijazama. Mgomo uliisha. Baadaye kiwanda nacho kikaisha, kikabomolewa na kuuzwa chuma chakavu, hata lango lenyewe halipo. Lakini kwenye klabu ya wawindaji ya Harmon Hollow, walioingia na waliobaki nje bado wanakula kwenye meza tofauti, na kijana akikaa meza isiyo ya babu yake huulizwa kama ana homa.

Mzee Andrej alipokuwa kitandani hospitali aliwaita wanawe wote wawili, padri akiwapo, akatoa hukumu yake. Bastola itakaa mwaka kwa huyu, mwaka kwa yule. Watakabidhiana mkono kwa mkono, klabuni, mbele ya watu, Jumamosi ya kabla ya msimu wa kulungu dume. Anayepokea atapiga magazini nzima ya risasi papo hapo. Ikikwama, aliyekuwa nayo amekosa kuitunza, na anayepokea ataichukua moja kwa moja, mchezo umeisha.

Watu walisema mzee aliipenda bastola kuliko watoto wake. Waliosema hivyo walikuwa hawamjui mzee.

Basi mara moja kwa mwaka ndugu wale walisimama pamoja. Mazungumzo yao yote yalikuwa haya: "Umeigusa?" "Sijaigusa." "Haya." Kisha mmoja alipiga risasi, mwingine akatazama, halafu kila mtu na meza yake. Laddie angekuapia kwamba siku ile haikuwa na maana yoyote kwake. Verna alijua zaidi, kwa sababu wiki ile ndiyo pekee katika mwaka ambapo Laddie alikwenda kunyoa nywele bila kusukumwa.

Sasa alikuwa amestaafu, hana la kufanya, na bastola ipo kwenye meza yake ya kazi katika chumba cha chini ya nyumba. Akaitikisa. Ikagonga. Akaipeleka sikioni, akaitikisa tena.

"Ni bushi," alimwambia Verna wakati wa chakula cha jioni. "Ile pete ya mbele inayoshika mdomo wa mtutu. Imelika. Mtutu unaelea."

"Imeharibika?"

"Inagonga."

"Laddie, hiyo imegonga tangu uliponioa. Nilidhani ndiyo kazi yake."

"Kitu kikigonga kimelegea, na kikilegea hakijakamilika."

"Basi mpelekee Denzil. Si ndiyo kazi anayoifanya?"

Denzil Pugh alikuwa fundi bunduki pekee katika bonde, na fundi mzuri, hilo hata wabaya wake walikubali. Lakini aliwinda na Emil kila msimu. Tena alikuwa na mdomo. Jambo ulilompa Denzil asubuhi, mchana lilikuwa limeshafika kinyozi, na jioni ulilikuta likikungoja nyumbani kwako likiwa limenenepa.

"Akijua Denzil, amejua Emil," Laddie alisema. "Na Emil akijua nimeifungua, atasema mbele ya watu kwamba mimi siwezi kuachiwa kitu."

"Kwani uwongo?" Verna aliuliza, akimsogezea viazi.

"Na mimi nilikuwa nakereza nini miaka yote, Verna? Nimetengeneza vipuri vya mashine kubwa kuliko nyumba hii. Leo nimlipe Denzil Pugh anisugulie kapete?"

Hapo Verna akaanza kukusanya sahani. Alikuwa ameolewa muda mrefu wa kutosha kujua kwamba mtu akifika mahali pa kusema kapete, shauri limekwisha.

Bushi za namna ile huuzwa zikiwa nene kidogo kwa makusudi, ili anayezifunga azipunguze kwa mkono kulingana na bastola yake. Laddie alipolisoma hilo alifurahi kama mtu aliyeletewa barua ya mapenzi. Akanunua mbili, kwa kuwa fundi wa kweli hanunui moja. Ile ya zamani, pete ya mzee, aliibana kwenye jiliwa ili apate vipimo vyake, akaibana kama alivyobana kila kitu, ikapasuka. Haikumsumbua. Kilichochakaa kimechakaa.

Alifanya kazi kwa tupa ndogo na msasa laini, akipima kila baada ya kusugua, akifuta, akipima tena. Wala hakuwa akijidanganya kuhusu mikono yake. Ilikuwa bado mikono ile ile. Pete iliingia mahali pake kwa sauti ndogo ya chuma kilichoridhika. Akaitikisa bastola. Kimya. Akamwita Verna ashuke.

"Sikiliza."

Verna akainamisha kichwa. "Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo," Laddie alisema, na machozi yalikuwa karibu.

Kesho yake alikwenda kwenye shimo la changarawe nyuma ya nyumba, akapiga. Risasi ya kwanza ilitoka. Chuma cha juu, kinachotakiwa kurudi nyuma na kwenda mbele kuleta risasi nyingine, kilirudi nyuma, kikaanza safari ya mbele, kikasimama katikati. Akakisukuma kwa kiganja. Akapiga tena, kikasimama tena. Mtu mwingine angefikiri kwamba ameikaza mno. Laddie alifikiri kwamba hajaikaza vizuri. Akairudisha chini, akatoa risasi zote, maana ujinga wake ulikuwa na mipaka, akafanya marekebisho. Marekebisho yalipokamilika, bastola ya mzee Sabol haikukwama tena katikati, kwa kuwa haikufunguka kabisa. Ilikuwa imegeuka kipande kimoja cha chuma, kizuri, kisichogonga.

Alijaribu kuivuta. Aliibana na kuivuta tena. Akakaa juu ya kiti chake kirefu akaitazama, na kwa mara ya kwanza akahesabu siku zilizobaki. Jumamosi ilikuwa karibu. Ikifika klabuni namna hii, Emil ataondoka nayo, na mwaka ujao hakuna cha kukabidhiana, na watu wasio na cha kukabidhiana hawana haja ya kusimama pamoja.

Alivuka mto mpaka Ohio, akamtafuta fundi asiyemjua. Fundi asiyemjua alimwonyesha rafu iliyojaa bunduki zenye vikaratasi na kumwambia arudi baada ya msimu wa kulungu, kama kila fundi atakavyomwambia kila mtu katika wiki zile. Akavuka mto tena kurudi. Kwa kweli hakuwa na pa kwenda ila kule asikotaka.

Karakana ya Denzil ilikuwa nyuma ya nyumba yake, ndani mna jiko la kuni na mbwa aliyelala mbele yake. Denzil alikuwa akila mkate wa pepperoni, wenye soseji ndani yake. Akaipokea bastola kwa mkono wa pili, akajaribu kuifungua, akaacha kutafuna.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Jamaa mmoja," Laddie alisema.

"Huyo jamaa ana mikono ya ajabu. Akili ndiyo sina hakika." Akaisogeza kwenye taa. "Sijawahi kuona bushi iliyokaa hivi. Ungeweza kuijaza maji isivuje. Umeshamwambia huyo jamaa kwamba bastola hupata joto, na uchafu, na inahitaji nafasi ya kupita?"

"Nitamwambia."

"Mwambie. Na mwambie hii ni ya mzee Sabol, asije akadhani simjui." Denzil akaweka mkate chini, akamtazama kwa furaha isiyofichika. "Ninyi watu. Mwaka ule wa zamu yake Emil naye aliniletea hii hii. Alibadilisha springi. Aliona ya mzee ni dhaifu, akaweka ngumu, ikawa inatupa maganda ya risasi mpaka kwa jirani. Nikamwekea nyingine ya kawaida."

"Emil?"

"Emil."

"Kila mwaka ananiambia hajaigusa."

"Na wewe Jumamosi utamwambiaje?"

Laddie alikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha, furaha ya kupata silaha dhidi ya nduguye baada ya kungoja maisha mazima. Denzil aliitoa ile bushi kwa nyundo ya mbao na matusi ya polepole, akaipunguza, akairudisha, akaitikisa. Ilitoa mlio mdogo.

"Inagonga," Laddie alisema.

"Inapumua. Iache ipumue. Usiiguse."

"Na Emil?"

"Mimi? Mimi ni kaburi," Denzil alisema, na bonde zima lilijua ni kaburi la namna gani.

Laddie akaenda nayo nyumbani, akaiweka ndani ya droo. Siku ya kwanza hakuifungua droo. Siku ya pili aliifungua ili kuona kama imefungwa vizuri. Alikuwa anatengeneza sentensi ya kumwambia Emil Jumamosi, kuhusu springi, na aliitengeneza kama alivyotengeneza kila kitu, akiisugua hapa na pale mpaka ikakaa sawasawa. Lakini kila akiisema sentensi yake chini kwa chini, alisikia ule mlio mdogo. Jioni ya Ijumaa Verna alimkuta ana tupa mkononi na ile bushi ya pili mbele yake.

"Denzil alikwambia nini?"

"Siikazi kama mwanzo. Nusu tu. Kati ya yangu na yake."

"Laddie."

"Nimeshaijaribu kule shimoni, Verna. Imepiga vizuri."

Ilikuwa imepiga vizuri, ni kweli, ikiwa safi na imejaa mafuta. Verna alimtazama mumewe kwa huruma, akapanda ngazi akaenda kulala. Laddie naye alilala usingizi wa mtu mwema.

Jumamosi kulikuwa na baridi kavu. Klabuni kulinukia soseji zilizokaushwa kwa moshi na haluski, kabeji na tambi zinazokaangwa kwa siagi mpaka koti lako linukie wiki nzima. Meza mbili zilikuwa zimejaa, kila moja na watu wake. Emil alikuja kutoka meza yake akitembelea fimbo, magoti yalikuwa yamemwisha, na Laddie aliona kwamba mwaka mmoja ulikuwa umefanya kazi kubwa kwenye uso wa nduguye. Ile sentensi ya springi ilikuwa tayari mdomoni. Aliitafuta sauti ya kuisemea, akaikosa.

"Umeigusa?" Emil aliuliza.

"Sijaigusa."

"Haya."

Watu wakatoka nje kusimama nyuma ya mstari. Emil akajaza magazini kwa risasi zake mwenyewe. Alikuwa mtu wa kujaza risasi kwa mkono, akipima baruti kwenye mizani ndogo, na katika klabu ile hapakuwa na kijana aliyeepuka kuhubiriwa naye juu ya umakini. Akapiga. Akapiga tena. Mara ya tatu chuma cha juu kilirudi nyuma, kikaanza kwenda mbele, kikasimama katikati.

Hukumu ya mzee Andrej ilijulikana na kila aliyekuwapo, na mwenyekiti wa klabu alikuwa tayari ameshavua kofia, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Emil hakuisukuma. Alitoa magazini, akahakikisha ni salama, akaigeuza, akaweka kidole gumba juu ya ile pete ya mbele, akakizungusha polepole. Alikuwa amesimamia mafundi miaka mingi, na fundi aliyemjua kuliko wote alikuwa huyu. Laddie alimwona akitambua. Basi yamekwisha, alijiambia, na hakuwa akifikiria bastola hata kidogo. Alikuwa akifikiria Novemba ijayo, na iliyofuata, na jinsi zitakavyokuwa siku kama siku nyingine. Ilimuuma hata akaona haya.

"Risasi zangu," Emil alisema kwa sauti ya kusikika na watu wa meza zote mbili. "Nimezijaza vibaya. Baruti kidogo."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Kisha mwingine akacheka, na kicheko kikaenea, maana ilikuwa kama padri kukutwa amesahau sala. Wenye kujaza risasi kwa mkono hawakubali kosa hilo hata wakibanwa na ushahidi. Watailaumu bunduki, hali ya hewa, hata mke. Emil Sabol alisimama pale na fimbo yake akawaacha wacheke.

"Sasa hukumu?" mwenyekiti aliuliza.

"Hukumu ni ya bastola, si ya risasi," Emil alisema. "Jaribio halijakamilika. Nikipata risasi nzuri tutarudia." Akamkabidhi Laddie bastola. "Kaa nayo kwanza."

Laddie alimkuta kwenye maegesho, akihangaika kuingiza goti moja ndani ya gari lake.

"Umeikaza," Emil alisema bila kugeuka.

"Kidogo."

"Kidogo chako nakijua mimi. Denzil aliniambia umempelekea, lakini hii ya leo hata Denzil haijui. Umeifanya baada yake."

"Na springi?"

Emil akaiegemeza fimbo yake kitini. "Springi ilikuwa imechoka."

"Haikuwa."

"Haya. Haikuwa."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote waliyosemezana tangu mgomo, na kila mmoja alionekana amechoka nayo kidogo. Laddie alishika mlango wa gari wakati goti la pili linaingia.

"Nimpe Denzil, au nifanye mwenyewe?"

"Mpe Denzil, fanya mwenyewe, mimi inanihusu nini? Ukimaliza tu nipigie." Emil akashusha kioo. "Namba yangu unayo?"

"Sina."

Akaiandika kwenye kipande cha boksi la risasi, akampa, akaondoka.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Laddie aliiona mara tu alipoifungua bastola mezani: kusugua kidogo upande mmoja, kufuta, basi. Alishika tupa. Akaiweka. Juma la kulungu likapita. Simu ikalia, na Verna, aliyeipokea, akasahau kusema halo alipotambua sauti.

"Bushi imekwisha?" Emil aliuliza.

"Bado," Laddie alisema. "Hii kazi haitaki haraka. Risasi zako je?"

"Bado. Baruti ya siku hizi siiamini." Emil akavuta pumzi. "Magoti nayo yananisumbua, siwezi kukaa mezani."

Wakazungumza juu ya magoti. Wiki iliyofuata Laddie ndiye aliyepiga, kuuliza habari za baruti, na wakazungumza juu ya paa la nyumba ya Emil, na juu ya mama yao. Theluji ikaanguka, ikayeyuka. Bastola ilikuwa bado mezani, vipande vyake vimepangwa juu ya kitambaa, na Verna aliposhuka kutafuta koleo la kufungulia bomba alisimama akaitazama.

"Hiyo pete si kazi ya nusu saa?"

"Haifiki hata nusu saa."

"Sasa?"

Juu simu ilianza kulia. Laddie alijifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote, akapanda ngazi haraka kuliko umri wake, akanyakua.

"Bado, kaka," alisema.